Je, ninunue saa 500 za kuruka?

"Shikamoo Kapteni. Nina miaka 25 na leseni ya rubani wa biashara niliyoipata mwaka jana. Saa zangu za kuruka ni 230 tu. Nimetuma maombi kwa mashirika zaidi ya 40. Yaliyojibu ni matatu, na yote yanataka mtu mwenye saa 500 kwenye jeti ya abiria. Sasa kuna wakala anayesema lipo shirika litakalonisomesha Airbus A320, kisha nirushe saa 500 nikiwa rubani msaidizi kwenye safari zake za kawaida zenye abiria, ila mimi ndiye nitakayelilipa shirika. Mshahara hakuna. Bei inakaribia yote niliyotumia kusomea leseni. Mzazi wangu yuko tayari kuweka nyumba rehani. Wakala anataka malipo ya kwanza ndani ya siku 10, anadai nafasi ni chache. Wenzangu wawili wameshalipa. Je, huu ni uwekezaji au naibiwa? Na ni halali?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ninachokisikia humo si tamaa. Ni uchovu wa mtu aliyesoma, akafaulu, akagharimika, kisha akakuta mlango umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko ndani ya chumba: hupati kazi bila saa, hupati saa bila kazi. Wakala anakuuzia ufunguo. Wewe unauliza kama ni ufunguo kweli.

Nianze na uhalali, maana hilo ni fupi. Katika nchi nyingi mamlaka ya usafiri wa anga inakagua kama una leseni hai, cheti cha afya, idhini ya aina ya ndege unayoirusha, na mafunzo yaliyofanyika kwa utaratibu ulioidhinishwa. Nani anamlipa nani, mara nyingi si swali lake. Sheria za kazi zinaweza kuwa na la kusema, lakini mikataba ya namna hii huandikwa kwa makusudi ili usionekane mwajiriwa: unaitwa mwanafunzi, au mteja wa kituo cha mafunzo, au mkandarasi binafsi. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukasaini jambo halali litakalokufilisi. Jumuiya ya marubani wa Ulaya, European Cockpit Association, imepiga kelele kwa miaka mingi biashara hii ipigwe marufuku, na hizo kelele zenyewe zinakuonyesha kwamba bado ipo.

Marekani mlango huo ulizibwa kwa njia ya kuzunguka. Tangu 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria lenye ratiba lazima awe na leseni ya juu kabisa ya urubani, ile inayodai saa 1,500, au ile yenye nafuu inayoanzia saa 750 kwa waliotoka jeshini na 1,000 kwa wenye shahada ya urubani kutoka vyuo vilivyoidhinishwa. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Colgan Air safari namba 3407, iliyoanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50. Watu husahau jambo moja kuhusu ajali hiyo. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 3,300 na msaidizi wake zaidi ya 2,200. Saa zilikuwapo. Ndege ilipoonya kwamba inakaribia kupoteza mnyanyuo, ile nguvu ya mabawa inayoibeba hewani, kapteni alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Na miaka michache kabla, kapteni huyo alikuwa amepita kwenye programu ya kulipia kiti cha upande wa kulia, yaani kiti cha rubani msaidizi. Sisemi hiyo ndiyo iliyoiangusha ndege. Wachunguzi hawakusema hivyo. Nasema tu kwamba saa zilizoandikwa kwenye kitabu hazikuambii zilijaa nini.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo naliona katika barua yako, na ambalo wakala analitegemea. Umeweka mambo mawili kwenye kapu moja: kulipia mafunzo, na kulipia kazi.

Kulipia idhini ya aina ya ndege, ile ambayo marubani huiita tu "taipu", ni mafunzo. Unakaa darasani, unajifunza mifumo ya ndege, unaingia kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, vipindi vya saa nne nne, unazimiwa injini wakati wa kupaa hadi mikono izoee, kisha unaipaisha na kuitua ndege halisi mara kadhaa ikiwa haina abiria. Hapo wewe ni mwanafunzi na ni haki ulipe, au mtu akulipie. Mimi nimesaidia vijana kuchukua mkopo wa kulipia taipu, hasa pale barua ya ajira ilipokuwa mkononi.

Baada ya hapo unaingia kwenye safari zenye abiria, chini ya kapteni mkufunzi. Bado unajifunza, ni kweli. Lakini angalia kilichobadilika. A320 haiwezi kuondoka na abiria bila marubani wawili. Sheria inadai hivyo. Siku ile usipofika kazini, ndege inalala chini na abiria 180 wanarudishwa kwenye ukumbi. Mtu ambaye bila yeye mzigo hauondoki si mwanafunzi tena, ni mfanyakazi. Na shirika limeuza tiketi kwa jasho la mfanyakazi huyo. Wewe unaombwa ulipe ili uwe yeye.

Utasema: sawa, nitaumia mwaka mmoja, wakiona nafanya vizuri wataniajiri. Nilimsikia kijana akisema hivyo ndani ya chumba cha ndege, na nilishindwa kumtazama usoni. Fikiri kama mwenye hesabu za shirika. Una kiti kimoja cha kulia. Ukimwajiri kijana aliyemaliza saa zake 500, kiti hicho kinaanza kukugharimu mshahara, bima na likizo. Ukimuaga na kumkaribisha mwingine, kiti hicho kinakuingizia pesa. Utafanya nini? Ubora wako haumo kwenye hesabu hiyo. Shirika linalouza viti vya kulia lina kila sababu ya kutaka uondoke, na uondoke kwa wakati, kwa sababu nyuma yako kuna anayesubiri akiwa na risiti. Hapo ndipo neno "uwekezaji" linapokufa. Mwekezaji hupata faida mwenye mali anapofanikiwa. Hapa mwenye mali anafanikiwa wewe unapokwisha.

Unatoka, basi, na saa 730 kwa jumla. Sokoni unawakuta nani? Wale wenzako wawili, na wote waliopita kwenye kiti kilekile, wakiwa na karatasi inayofanana na yako. Sifa iliyouzwa kwa kila mwenye pesa haimtofautishi mtu. Halafu saa huanza kupoa. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba ili ubebe abiria uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na taipu yenyewe, katika nchi nyingi, inahitaji mtihani wa simuleta kila mwaka. Ukikaa miezi 14 bila kazi, unajikuta unalipia tena simuleta ili kuhifadhi kitu ulichokwisha kukilipia. Nimeona waliolipia mara ya tatu.

Jingine ambalo mawakala hawalitaji ni aina ya saa. Ukiwa kiti cha kulia, unaandika saa za rubani msaidizi. Leseni ya juu ya Ulaya inadai saa 1,500 ambazo 500 ni za ndege ya marubani wawili, na hizo kweli utakuwa umezianza. Lakini inadai pia saa za kuwa rubani mwenye dhamana ya ndege, 250, au nyingi zaidi kama ulikuwa chini ya uangalizi. Mwalimu wa kurusha ndege ndogo anazipata kila siku anapokwenda kazini, na analipwa.

Kuna la usalama ambalo sipendi kulipitia haraka, kwa sababu linanihusu.

Niliwahi kuwa kapteni mkufunzi, kwa muda mfupi, kwenye shirika lililokuwa likiuza viti vya kulia; silitaji jina. Kila baada ya miezi michache niliketi na mtu mpya. Aliyeanza kukomaa aliondoka, akaja mwingine mwenye saa 220, na mimi nikaanza upya kufundisha huku nikirusha, mvua ikinyesha na ratiba ikinikimbiza. Siku moja jioni, safari ya nne, mimi ndiye niliyekuwa nikitua. Nilichelewa kupunguza kasi. Tulipofika futi 1,000 spidi ilikuwa imezidi kwa noti 20, yaani kilomita 37 hivi kwa saa. Kanuni ya shirika ilikuwa wazi: hapo msaidizi anasema, na tunaacha kutua tunapaa tena. Kijana hakusema. Tulitua, tukakanyaga breki kwa nguvu, hakuna aliyeumia. Tulipozima injini nikamuuliza kama aliona. Akasema aliona. Kwa nini hukusema? Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amebakiza saa 60, na hakutaka kunikera kabla sijamsainia.

Kosa la kutua lilikuwa langu. Lakini kile kimya kilikuwa kimenunuliwa. Vyumba vya ndege vimejengwa juu ya wazo kwamba wawili wanalindana, na mdogo ana wajibu wa kumkatiza mkubwa. Mtu aliyeweka nyumba ya wazazi rehani ana sababu ya kunyamaza. Ana sababu ya kutosema amechoka, ya kuja kazini na homa, ya kutoandika ripoti. Na kwa upande wa pili, mkaguzi anayemtahini mteja aliyelipa hadi senti ya mwisho naye anabanwa: akimfelisha, nani atarudisha pesa? Sikatai kwamba wapo waliosema, na wapo wakaguzi waliofelisha. Ila usijidanganye kwamba wewe utakuwa tofauti kwa sababu una tabia njema. Yule kijana alikuwa na tabia njema.

Tuje kwenye hesabu, maana wakala hakukupa hesabu, amekupa bei. Rubani wa safari fupi huruka saa 60 hadi 80 kwa mwezi pale shirika linapomhitaji kweli. Ulaya ukomo ni saa 100 kwa siku 28 na 900 kwa mwaka. Kwa saa 70, zile 500 zinaisha katika miezi saba hivi. Lakini shirika likichukua wateja wengi kuliko viti, jambo linalotokea kwa sababu kila mteja ni pesa, ratiba yako inaweza kushuka hadi saa 30. Hapo ni karibu miezi 17. Miezi 17 ya kodi ya nyumba, chakula, usafiri, na rejesho la mkopo, bila mshahara. Ongeza hiyo kwenye bei uliyotajiwa, ndipo utaiona bei yenyewe.

Kisha soma mkataba ukitafuta maneno madogo. "Hadi saa 500" si "saa 500". Tafuta muda wa mwisho: je, baada ya miezi 12 programu inafungwa hata kama umeruka 280? Tafuta nini kinatokea shirika likifilisika, likiegesha ndege, au likikuona hufai. Mwaka 2020 mashirika yaliegesha ndege dunia nzima kwa miezi, na aliyekuwa ameshalipia saa alibaki na karatasi. Pesa zinaingia wapi: kwenye akaunti ya shirika, ya kituo cha mafunzo, au ya wakala mwenyewe? Je, leseni yako itatambuliwa na nchi ambayo ndege hizo zimesajiliwa, na nani anashughulikia kibali chako cha kuishi na kufanya kazi huko? Bima ya shirika inakubali rubani wa saa 230? Usipopewa hata jina la shirika kabla ya kulipa, mwanangu, unauziwa mbuzi kwenye gunia, na huenda humo ndani hakuna mbuzi.

Na zile siku 10. Nafasi ya kazi ya urubani huchukua wiki nyingi za usaili, majaribio ya simuleta, uhakiki wa vyeti. Anayekuharakisha hivyo hana haja ya kukupima. Anahitaji usipate muda wa kumpigia mtu kama mimi.

Lazima nikuambie na upande wa pili, la sivyo nitakuwa nami nimekuuzia kitu. Wapo waliolipa wakafika. Nawafahamu wawili, mmoja ni kapteni leo. Walilipa wakati soko lilikuwa likiajiri kwa kasi, walikuwa na pesa ambazo hata zingepotea wasingelala nje, na walianza kutafuta kazi ya pili tangu mwezi wa kwanza badala ya kusubiri saa ziishe. Bahati iliwakuta wako tayari. Ukinionyesha mkataba wenye ajira ya maandishi baada ya mafunzo, mshahara unaoanza siku unapobeba abiria, na pesa zilizowekwa kwa mtu wa tatu anayezitoa kadiri mafunzo yanavyofanyika, nitabadilisha sauti. Ila hapo hiyo haitakuwa tena biashara aliyokueleza wakala. Itakuwa kazi.

Njia nyingine zipo, na hakuna ya haraka. Ile ninayoipenda ni ualimu. Watu huidharau kwa sababu haina sare yenye mistari mitatu, lakini sijaona kinachomkomaza rubani kama kukaa kando ya mtu anayetaka kukuua kwa nia njema mara sita kwa siku. Unajifunza kuona kosa kabla halijazaliwa, na unajifunza kusema. Pesa za kozi ya ualimu ni sehemu ndogo ya unachoombwa. Zipo pia kazi za ndege ndogo: kubeba mizigo na abiria wachache kwa Cessna Caravan, kurusha wanaoruka kwa miavuli, kupiga picha za ardhi, kuvuta ndege zisizo na injini. Viwanja vya vumbi na upepo wa ubavuni vinafundisha mikono mambo ambayo kompyuta ya A320 itakuficha.

Upo mpango wa mashirika kukulipia taipu kisha ukafungwa miaka mitatu au mitano, ukiondoka mapema unalipa kilichobaki. Vijana wanauogopa kama utumwa. Mimi nauona kuwa afadhali mara mia, kwa sababu pesa ya shirika imo ndani yako na litataka ubaki. Ipo pia leseni ya MPL, ya kurusha ndege za marubani wawili, iliyoanzishwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mwaka 2006, ambapo mtu hufundishwa tangu mwanzo kwa ajili ya shirika fulani kwa angalau saa 240 za ndege na simuleta. Kwako imeshapita, ila mdogo wako akiuliza, mwambie. Na usidharau kazi ya ofisi ndani ya shirika: kupanga safari, kupanga mizigo, idara ya usalama. Mashirika mengi huangalia ndani kabla ya kutangaza nje. Wakati huo weka leseni yako hai na uruke hata saa mbili kwa mwezi.

Jambo ambalo hata usilifikirie ni kujaza saa za kalamu. Wapo wanaoongeza saa ambazo ndege haikuruka. Kitabu chako kitalinganishwa na kitabu cha ndege siku moja, na siku hiyo leseni huondoka pamoja na jina.

Kabla hujajibu wakala, kuna watu unaohitaji kukutana nao ana kwa ana, kwa sababu mimi sijauona mkataba wako. Wa kwanza ni wakili wa mikataba au wa kazi, ambaye si wakala aliyempendekeza; mpelekee nakala nzima, siyo muhtasari. Wa pili ni ofisa wa leseni kwenye mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, umuulize kama kituo hicho cha mafunzo kinatambuliwa na kama saa hizo zitahesabiwa. Wa tatu ni rubani aliyemaliza programu hiyohiyo zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Umtafute mwenyewe, usimpokee kutoka kwa wakala. Na keti na mzazi wako bila kumficha kitu, umwonyeshe hesabu ya miezi 17 na siyo ya miezi saba. Kama deni ulilonalo tayari linakunyima usingizi au limeanza kukuzimia hamu ya kuishi, muone daktari au mshauri wiki hii. Marubani wengi wanaogopa kwamba kusema kutawanyang'anya cheti cha afya. Tatizo lililosemwa mapema mara nyingi hutibika na mtu akarudi kuruka.

Wakala mwandikie barua pepe ya sentensi mbili. Muulize jina la shirika, na muulize ni wateja wangapi wa mwaka jana walioajiriwa na shirika hilohilo baada ya kumaliza saa zao. Akikujibu kwa maandishi, niletee jibu tulisome pamoja. Akikupigia simu badala ya kuandika, usipokee.